Umemaliza Deni? Nenda Ukaone Limefutwa



Leo siongelei kantangaze, wala mbegu chotara, wala bei ya tenga la nyanya pale Kilombero. Leo naongelea karatasi. Najua wengine mtataka kuruka, lakini naomba mnivumilie, maana kuna kijana wa Ngarenanyuki aliyepoteza msimu mzima kwa sababu ya karatasi, na mimi nilikuwepo.

Ilikuwa mwaka juzi, mwezi wa pili. Alinipigia simu: "Bibi Shamba, nimepata pawatila mkononi kwa mtu, bei nzuri. Naomba uje uniangalizie kabla sijalipa." Ndiyo, huku wananiita Bibi Shamba, na arobaini sijafika. Nimezoea.

Nikaenda. Nikawasha injini nikaisikiliza. Nikaangalia moshi, mikanda, gia, majembe, nikachomoa kijiti cha oili. Mashine ilikuwa nzima. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii chukua." Akalipa milioni nne taslimu, akapewa nakala kivuli ya risiti ya dukani na karatasi ya mauziano yenye sahihi za mashahidi wawili. Shahidi mmoja ni mimi.

Wiki ya tatu wakaja watu watatu na kirikuu. Walikuwa na mkataba wa mkopo uliosainiwa na yule muuzaji, miezi saba kabla ya kutuuzia sisi. Dhamana: pawatila. Namba ya injini imeandikwa, na risiti halisi ya dukani iko kwenye faili lao. Tukalinganisha namba na ile iliyogongwa kwenye chuma. Ni yenyewe. Muuzaji kumpigia, hapatikani. Tulienda kwa mtendaji, tukaenda polisi, jalada likafunguliwa. Mashine ikapakiwa. Masika ile kijana alilima nusu eka kwa jembe la mkono badala ya eka mbili na nusu alizokuwa amekodi, na kodi ya shamba alikuwa ameshalipa.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Dada, wewe uliangalia injini." Basi. Nimekaa na hayo maneno mpaka leo.

Ni kweli, niliangalia injini. Nilikagua kila kitu isipokuwa kimoja: nani mwingine ana haki juu ya mashine hii?

Maoni yangu

Mimi nina diploma ya kilimo, si mwanasheria. Lakini nimeona ya kutosha kuanzia Oldonyosambu mpaka King'ori, nami nasema hivi: kijana anayelima kibiashara anatakiwa atunze kumbukumbu za dhamana kama anavyotunza kumbukumbu za dawa anazopulizia. Ukikopa, hakikisha dhamana imeandikwa sawasawa. Ukinunua, pekua kwanza. Ukimaliza kulipa, fuatilia mpaka ifutwe. Na nchi nayo ina kazi ya kufanya, hiyo nitaisema mwishoni.

Tunafundishana sana namna ya kupata mkopo. Andiko la biashara, vikundi, asilimia kumi za halmashauri, sijui benki gani ina riba nafuu. Hakuna anayefundisha mkopo unaachaje alama kwenye mali, na hiyo alama inaondokaje.

Maana dhamana ni alama. Fikiria ng'ombe mwenye chapa ya mtu mwingine. Analala zizini kwako, unamkamua, maziwa unauza wewe. Lakini chapa ipo, na siku mwenye chapa akija na ushahidi, mnaanza mazungumzo mengine. Shamba au trekta lililowekwa dhamana liko hivyo hivyo. Unalitumia, unavuna, lakini alama ipo juu yake. Tofauti ni kwamba chapa ya ng'ombe unaiona kwa macho. Alama ya deni iko kwenye daftari la mtu, na usipolifungua daftari hilo huioni.

Kila mali na daftari lake

Tatizo letu ni kwamba daftari lenyewe si moja. Twende mali kwa mali.

Shamba au kiwanja chenye hati miliki. Hapa ndipo tuko vizuri zaidi. Rehani huandikishwa kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura 334. Ukitaka kujua kama hati ina rehani au zuio, unakwenda ofisi ya ardhi ya mkoa, unaomba upekuzi kwa namba ya hati, unalipa ada ya serikali, unapewa majibu kwa maandishi. Usikubali majibu ya mdomo ya mtu uliyekutana naye kwenye ngazi. Na kumbuka, rehani zikiwa zaidi ya moja juu ya shamba moja, zinafuatana kwa mpangilio wa kuandikishwa. Aliyewahi kuandikisha ndiye anayetangulia kulipwa.

Shamba lenye hatimiliki ya kimila. Hii inatokana na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Kumbukumbu zake zinakaa masjala ya ardhi ya kijiji na masjala ya ardhi ya wilaya. Pekua kote kuwili. Nimeshaona ya kijiji inasema hivi na ya wilaya inasema vile, kwa sababu mtu aliandika upande mmoja akasahau kupeleka upande wa pili. Mwombe mtendaji wa kijiji afungue daftari mbele yako, kwa heshima, na uone mstari wenyewe kwa macho yako.

Kihamba kisicho na hati yoyote. Hapa hakuna daftari, kuna watu. Na bado vihamba hivi vinawekwa dhamana kila siku, kwa karatasi iliyoandikiwa dukani, kwenye VICOBA na kwa watu binafsi. Upekuzi wako ni majirani wa pande zote nne, wazee wa ukoo, ofisi ya kijiji, na mke au mume wa anayeuza. Huyo wa mwisho usimruke hata mara moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mtu kuuza wala kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Nimeona mauziano yakivunjika mama alipotokea jikoni na kusema, "Mimi sijasaini kitu."

Mali za kampuni. Baadhi yenu mmesajili kampuni, hongereni. Kampuni ikiweka mali dhamana, dhamana hiyo inatakiwa isajiliwe BRELA ndani ya siku 42 tangu iwekwe. Isiposajiliwa, haina nguvu mbele ya mfilisi na wadai wengine. Kwa hiyo ukinunua trekta au mitambo ya umwagiliaji kutoka kwa kampuni, pekua kampuni hiyo BRELA. Na kama kampuni ni yako na umemaliza deni, hakikisha taarifa kwamba deni limelipwa imefika kwa Msajili. Vinginevyo mtu akikupekua, bado unaonekana unadaiwa.

Gari, trekta na pikipiki zenye namba za barabarani. Angalia kadi halisi ya TRA, siyo picha ya WhatsApp. Soma majina yote yaliyoandikwa humo, maana mkopeshaji anaweza kuwa ameandikwa pamoja na mkopaji. Linganisha namba ya chesisi na ya injini kwenye kadi na zile zilizogongwa kwenye chuma. Muuzaji akikwambia kadi ilipotea, ana kadi mpya au ana karatasi ya polisi tu, uliza ilipoteaje. Kuna kadi "zinapotea" wakati zimelala kwenye kabati la mkopeshaji.

Mazao yaliyoko ghalani. Hapa kuna somo zuri ambalo wenzetu wa korosho kule kusini wanalijua kuliko sisi. Chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala Na. 10 ya mwaka 2005, stakabadhi ina sehemu mbili: hati ya umiliki na hati ya dhamana. Mwenye mzigo akikopa, hati ya dhamana inakwenda kwa mkopeshaji. Ukitaka kununua mzigo na muuzaji ana hati moja tu mkononi, unajua hapo hapo kwamba nyingine iko kwa anayemdai. Hakuna haja ya kubahatisha. Mali imetengenezewa karatasi inayosema ukweli juu yake.

Sasa pampu, jenereta, pawatila isiyo na kadi, ng'ombe wa maziwa, friza la maziwa, mabomba ya matone. Hapa ndipo lilipo shimo, na hapa ndipo tulipotumbukia mimi na yule kijana. Mali hizi ndizo nyingi kwa wakulima vijana, ndizo zinazowekwa dhamana kirahisi kwa wakopeshaji wadogo, na ndizo ambazo mnunuzi wa kawaida hana pa kwenda kuuliza. Kumbukumbu iko kwenye faili la aliyekopesha, na wewe hujui aliyekopesha ni nani.

Wengine mtauliza: si kuna kumbukumbu za wakopaji Benki Kuu? Zipo. BoT ina kanzidata ya taarifa za wakopaji, na kuna kampuni zenye leseni ya kutoa ripoti za mikopo, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet. Hizo zinamsaidia anayetaka kukopesha ajue mkopaji analipaje, na wewe mwenyewe unaweza kuomba ripoti yako. Nashauri uiombe mapema, kabla hujaenda benki. Lakini wewe uliyesimama uani kwa mtu unataka kununua pampu, ripoti hiyo haikujibu swali lako.

Herufi moja

Turudi kwa wewe unayekopa. Karibu kila kijana anasoma kiasi, riba na tarehe za marejesho, halafu anasaini. Sehemu ya majina na namba anaipita kama anavyopita bango la matangazo pale Tengeru siku ya soko.

Huku kwetu majina yana mitego. Kuna Pallangyo mwenye l mbili na Palangyo mwenye l moja. Kuna Nnko na Nko, Kaaya na Kaya. Kitambulisho cha NIDA kinasema moja, hatimiliki ya kimila inasema lingine kwa sababu mwandishi wa kijiji aliandika alivyosikia, na mkataba wa mkopo una la tatu. Siku ya kupekua, anayetafuta Pallangyo hampati Palangyo. Kosa hilo linaumiza pande zote. Mnunuzi anaambiwa shamba ni safi kumbe si safi. Na wewe uliyelipa vizuri miaka mitatu, sifa yako inaandikwa kwa mtu ambaye hayupo.

Kwa hiyo kabla hujasaini, weka kitambulisho cha NIDA mezani, weka hati mezani, soma herufi kwa herufi. Majina hayalingani? Tengenezeni hati ya kiapo na mrekebishe kumbukumbu kwanza. Namba ya hati, namba ya chesisi, namba ya hereni ya ng'ombe, zote ziandikwe kamili. Mkataba unaosema "ng'ombe mmoja mweusi na pampu moja" ni mkataba wa ugomvi. Ng'ombe weusi wako wangapi hapa Meru?

Kitu kingine ni anwani na simu. Mkopo wa rehani ya ardhi ukichelewa, sheria inamtaka mkopeshaji akupe notisi ya siku 60 kabla hajachukua hatua ya kuuza. Siku 60 ni nyingi kwa mkulima. Unaweza kuuza vitunguu, unaweza kukaa mezani mkapanga upya marejesho. Lakini notisi inakwenda kwenye anwani iliyoko kwenye faili. Ukiwa umebadilisha laini mara mbili na sanduku la posta lilikuwa la shule ya mjomba wako, siku 60 zinaisha wewe unapalilia. Ukibadilisha namba ya simu, peleka barua kwa mkopeshaji, gongesha muhuri wa kupokelewa, bakiza nakala.

Hati ikirudi nyumbani

Sasa lile ambalo limenifanya niandike kichwa cha habari hapo juu.

Kuna mzee wa Usa River, mkulima wa kahawa na ng'ombe wa maziwa. Alikopa akiweka hati yake rehani, akamaliza kulipa kabla ya muda. Mtu mwaminifu kabisa. Akarudishiwa hati, akaifunga kwenye bahasha, akaiweka sandukuni. Miaka ikapita. Mwanawe akataka kuchimba kisima na kujenga kitalu nyumba cha pilipili hoho, mzee akakubali kumpa hati akakope benki nyingine. Benki ikafanya upekuzi. Majibu: hati ina rehani. Ile ile ya zamani.

Nilipokwenda kumsalimia, baada ya shikamoo na marahaba, mzee akaniambia, "Mwanangu, mimi nilifikiri karatasi ikirudi nyumbani, na deni limerudi nyumbani."

Hapana, mzee wangu. Kurudishiwa hati ni jambo moja, kufutwa kwa rehani kwenye daftari la Msajili ni jambo lingine. Ukimaliza kulipa una haki ya kufutiwa, lakini lazima hati ya kufuta rehani iandaliwe, isainiwe na mkopeshaji, na iandikishwe. Hapa haikuandikishwa. Yule afisa mikopo alishahamishwa, faili likawa linatafutwa, barua zikaenda zikarudi. Ilichukua miezi mitano. Msimu wa kupanda ukapita na fundi wa kisima akaenda kwa mteja mwingine. Hakuna aliyeiba kitu. Mstari mmoja tu haukufutwa.

Wala msidhani haya ni ya watu wa vijijini. Kule Marekani mwaka 2008 kampuni ya magari ya General Motors ilikuwa inamaliza deni moja la karibu dola milioni 300. Mawakili wakaandaa karatasi za kufuta dhamana za deni hilo. Kwa makosa, wakaingiza na karatasi ya dhamana ya mkopo mwingine kabisa, wa dola bilioni 1.5, ambao JPMorgan ndiyo iliyousimamia kwa niaba ya wakopeshaji. Karatasi zikapita mikononi mwa mawakili wa pande zote mbili, hakuna aliyeshtuka. Zikaandikishwa. Mwaka uliofuata General Motors ikaingia kwenye ufilisi, ndipo kosa likaonekana. Januari 2015 mahakama ya rufani ikasema benki yenyewe iliridhia karatasi hiyo ipelekwe, kwa hiyo dhamana ilishafutwa. Kama mawakili wa New York walipitiwa kwenye mstari mmoja, wewe na mimi tusome mara tatu.

Kaunta buku moja tu

Nunua kaunta buku. Siyo ya mauzo, siyo ya vibarua. Hii ni ya dhamana peke yake. Kwa kila mkopo, ukurasa mmoja, na andika haya:

Tarehe ya mkataba, jina kamili la mkopeshaji na namba ya leseni yake. Kama ni kampuni au mtu binafsi anayekopesha kibiashara, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 anatakiwa awe na leseni ya BoT, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yao. Asiye na leseni ndiyo hao wa kausha damu. Kimbia.

Mali iliyowekwa dhamana, na namba zake zote kamili.

Dhamana imeandikishwa wapi, lini, kwa namba gani. Kama haijaandikishwa popote, andika "haijaandikishwa", usiache wazi.

Karatasi zipi ziko kwa mkopeshaji, zipi ni halisi, zipi ni kivuli. Usitoe karatasi halisi bila kusainiwa kwamba imepokelewa.

Kila rejesho, tarehe na namba ya risiti.

Na mstari wa mwisho, uache wazi tangu siku ya kwanza: "Dhamana imefutwa tarehe ..., nimeona mwenyewe." Usijaze mstari huu kwa sababu umepigiwa simu ya pongezi. Ujaze siku umefanya upekuzi mwingine na majibu yametoka safi.

Piga picha kila ukurasa, mtumie mwenzako wa ndani au ndugu unayemwamini. Wakulima tunakufa kama watu wengine. Ukifa na deni lililolipwa lakini halijafutwa, umewaachia watoto kesi.

Kwa mnunuzi wa vifaa vya mkononi kwa mtu, nimejiwekea utaratibu tangu siku ile ya Ngarenanyuki. Siendi kukagua injini mpaka nione risiti halisi ya dukani. Kama hakuna, tunakwenda na muuzaji mpaka duka lililouza, watafute kumbukumbu zao. Tunaandika mauziano mbele ya mtendaji, muuzaji anatamka kwa maandishi kwamba mali haina deni, na anaweka namba ya NIDA na picha. Na hela hailipwi yote siku moja. Muuzaji akikasirika sana kwa kuulizwa, nalo ni jibu.

"Huku tunajuana"

Nikisema haya vijiweni, naambiwa, "Bibi Shamba, hayo mambo ya karatasi ni ya mjini. Huku tunajuana." Tunajuana, sawa. Lakini yule muuzaji wa pawatila naye alikuwa anajulikana.

Na huu mlima una historia yake na karatasi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili wapewe walowezi. Wazee hawakuishia kulalamika kijiweni. Waliandika, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, kuisema kesi ya ardhi yao. Watu wa mlima huu walijua zamani kwamba haki bila maandishi inaweza kubebwa na mwenye maandishi.

Daftari moja kwa nchi

La mwisho ni kwa wanaotunga sera, maana najua baadhi yao hupita hapa.

Kaunta buku inanilinda mimi na deni langu. Hainilindi na deni la mtu mwingine lililojificha kwenye pampu anayoniuzia. Kwa hilo tunahitaji daftari moja la dhamana za mali zinazohamishika, ambalo mtu yeyote anaweza kulipekua kwa simu. Si ndoto. Vuka Namanga tu: Kenya walipitisha sheria yao mwaka 2017, na dhamana za mitambo, mifugo mpaka mazao zinaandikishwa sehemu moja kwa njia ya mtandao. Uganda wakafuata na sheria yao mwaka 2019. Ghana walianza daftari lao mwaka 2010, chini ya Benki Kuu yao.

Wapo watakaosema daftari kama hilo litawarahisishia wakopeshaji kubeba vyombo vya watu. Hofu hiyo naiheshimu, maana nimeona kirikuu ikipakia. Lakini wanabeba sasa hivi, bila daftari, na mnunuzi asiye na kosa ndiye anayelia. Daftari likiwepo na sheria ikasema dhamana isiyoandikishwa haina nguvu kwa mnunuzi aliyepekua, mkopeshaji naye anabanwa. Asipoandikisha, shauri yake.

Ila daftari likija lije na masharti matatu. Mkopeshaji apewe siku maalumu za kufuta baada ya deni kuisha, na akichelewa alipe faini, asitegemee mkopaji kumkumbusha. Kupekua kuwe bei ya mkulima wa eka moja. Na sisi maafisa ugani wa kata tufundishwe kulitumia, ili mtu akiniita nikamwangalizie pawatila, nitoe simu kwanza, ndiyo nichomoe kijiti cha oili.

Yule kijana wa Ngarenanyuki bado analima. Mwaka huu ana eka moja na robo ya vitunguu, na amechukua mkopo mdogo SACCOS kwa ajili ya pampu. Wiki iliyopita nilipita shambani kwake. Kabla ya kunionyesha vitunguu alinionyesha kaunta buku. Ukurasa wa kwanza umejaa, herufi zimenyooka, namba ya pampu imeandikwa mara mbili. Mstari wa mwisho uko wazi, unasubiri.

Nyie wengine, kama mna mkopo mliomaliza miaka ya nyuma, nendeni wiki hii mkapekue. Mkikwama, ofisini kwangu pale kata nipo Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Njooni na karatasi halisi. Kivuli bakizeni nyumbani.